Runinga ya Upande wa Pili wa Ukuta

Walimwita Cherehani, ingawa hakuwahi kushona hata kifungo. Jina lilitoka kwenye mlio wa kazi yake. Ukipita kwenye korido ya ofisi ya maji, mlango wa tatu kushoto, ulisikia vidole vikikimbia juu ya kibodi, tatatata, kimya kifupi cha kufunua karatasi, tatatata tena, kama fundi nguo aliyebakiza pindo moja na mteja amekwisha fika mlangoni.

Miaka ishirini na saba alikuwa kwenye chumba hicho. Alianza na taipureta ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, akaja kompyuta ya kwanza yenye mgongo mkubwa, kisha ya pili, kisha hii nyembamba. Wakuu sita walipita mbele yake. Wa kwanza alikuwa akimwamkia kila asubuhi. Huyu wa sita alikuwa akimwekea karatasi mezani bila kusimama. Mume wake alifariki mtoto wa mwisho akiwa bado ananyonya, na kwa vidole kumi tu, bila shamba wala duka, Cherehani aliwasomesha watatu wote. Bado mwaka mmoja na miezi miwili astaafu.

Alikuwa na sheria moja. Aliiweka mwenyewe, hakuandikiwa na mtu. Unachompa ndicho anachochapa. Haongezi, hapunguzi. Ukimpa barua ya kumfukuza rafiki yake, ataichapa, ataipanga vizuri, atakuletea usaini, kisha ataenda chooni kulia. "Mimi ni bomba," alikuwa akisema. "Maji yakiwa machungu, kaulize kwenye chanzo."

Basi mwaka huo ikaja runinga.

Ilikuja ndani ya boksi pana kama mlango, ikatundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mikutano, na Mkuu akaipenda kuliko kazi. Nailoni ya ukingoni alikataza isibanduliwe. Rimoti aliiweka kwenye droo yake na ufunguo wa droo akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali. Ukumbi wenyewe ukaanza kufungwa kwa kufuli, eti watu wataingia kutazama mpira. Ofisi ilikuwa na mabomba yaliyopasuka tangu mvua za mwaka juzi, lakini runinga ilikuwepo, inchi sitini na tano, na wageni wakija walipelekwa kuiona kwanza.

Kilichokosekana ni kitu cha kuionyesha. Kompyuta ya kubebeka haikununuliwa. Fedha, walisema, ziliishia kwenye kioo. Kompyuta iliyokuwa karibu zaidi ni ya Cherehani, upande wa pili wa ukuta uleule. Akaitwa fundi.

Fundi huyo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na funguo nyingi kiunoni, na kwa kuwa hakuna swali ambalo hakuwa na jibu lake, ofisi nzima ilimwita Profesa. Alitoboa ukuta kwa keekee, vumbi likajaa kwenye kibodi ya mama wa watu, akapitisha waya mmoja mnene kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye runinga ya ukumbini. Akapangusa jasho.

"Sasa mama, sikiliza kwa makini," akasema. "Kuanzia leo una vioo viwili. Hiki chako, na kile cha kule. Fikiria meza yako imeongezwa urefu, imepenya ukutani. Ukitaka wakubwa waone kitu, unakikamata kwa kipanya, unakisukuma kulia, kulia, kulia, mpaka kipotee hapa. Kikipotea hapa kimetokea kule."

Cherehani akajaribu. Akaushika ukurasa, akausukuma. Ukaingia ukingoni mwa kioo kama mtu anayepita mlangoni kwa ubavu, nusu ndani nusu nje, kisha haupo.

"Na ukurasa ukinogewa huko?"

"Aa, mama na wewe! Runinga ikizimwa, kila kitu kinarudi chenyewe nyumbani."

"Chenyewe? Hata marehemu mume wangu hakuwa akirudi mwenyewe, nilikuwa namfuata."

Profesa akacheka mpaka funguo zikalia. "Hii ni mitambo, mama, si wanaume."

"Una uhakika lakini?"

"Fundi ni mimi au ni wewe?"

Cherehani akaanza kupangusa vumbi kwenye kibodi. Fundi ni Profesa.

Wiki ya pili Mkuu akamletea karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu. Ilikuwa orodha ya mitaa itakayowekewa mabomba mapya. Mitaa ishirini. Katika namba tisa ulikuwepo mtaa wa Cherehani mwenyewe, na juu yake ulipita mstari mwekundu, mara mbili, kama aliyeupitisha alitaka kuhakikisha umekufa.

Karani wa masjala, jirani yake wa chumba, alikuwa hapo akisubiri majalada. Ndiye aliyeyasikia maneno yao.

"Mkuu, huu wa tisa umekatwa kwa bahati mbaya?"

"Umekatwa."

"Nauliza tu kwa nini, maana..."

"Mama, wewe unachapa au unapanga mabomba?"

"Nachapa."

"Haya, chapa."

"Nitachapa, Mkuu. Lakini ujue kule tunapanga ndoo foleni kabla jogoo hajawika. Nikija hapa kazini asubuhi, mikono ina baridi ya maji ya kuchota, na ndiyo hiyo inayokuandikia kwamba maji yanatosha."

Karani wa masjala akatazama dari. Mkuu akatoka. Cherehani akachapa orodha kwenye jedwali, mitaa kumi na tisa, namba zikafuatana bila pengo. Mtu asiyejua asingeweza kudhani kuna mtaa uliowahi kusimama hapo katikati. Akazirudisha zile karatasi za kalamu. Mkuu akazichana vipande vipande palepale, maana mambo ya orodha, alisema, huwa na maneno mengi.

Jumatano kikao kikakaa. Cherehani akaisukuma orodha kulia, ikavuka ukuta, ikatokea kwenye inchi sitini na tano, na wakubwa wakatikisa vichwa kwa furaha ya kuona herufi kubwa. Kikao kilipokwisha Mkuu akachukua rimoti, akabonyeza, kioo kikawa cheusi. Akafunga ukumbi kwa kufuli.

Alhamisi asubuhi orodha ilitakiwa ichapishwe na kupelekwa makao makuu kabla ya saa sita. Cherehani akawasha mashine, akabofya jina la faili. Hakikuja kitu. Akabofya tena. Kioo kikabaki kitupu na picha yake ya maua, kama mtu unayemwita kwa jina naye anatazama pembeni. Jina la faili lilikuwepo. Barua zake nyingine zilifunguka. Majedwali ndiyo yaliyogoma, na jedwali lililotakiwa ni hilo moja.

Mkuu akaja. Profesa akaitwa. Akainama, akabofya, akakuna kidevu. Alikaa na ile mashine dakika zisizozidi tano. Angeweza kusema "sijui". Neno hilo lina herufi tano tu, mtoto wa darasa la kwanza huliandika bila makosa. Lakini Profesa hakuwa na neno hilo kwenye mfuko wake.

"Faili hili limetolewa utumbo, Mkuu," akasema. "Limebaki ganda. Jina lipo, ndani hamna."

"Linaweza kujitoa utumbo lenyewe?"

"Mashine haina mikono. Mwenye mikono ni mtu."

Wote wawili wakaitazama mikono ya Cherehani. Naye akaitazama. Ilikuwa juu ya mapaja yake, imetulia.

"Profesa," akasema polepole, "kwa nini usiangalie ule waya? Jana niliisukuma kule, na tangu..."

"Mama, waya umelala. Runinga ikizimwa, waya umekufa. Nilikufundisha mwenyewe."

"Nilijua tu," Mkuu akasema. "Tangu siku ile uliponiletea habari za ndoo."

Lile swali alilouliza kwa heshima, lile moja kati ya miaka ishirini na saba ya kutouliza, ndilo lililogeuzwa ushahidi. Mtu akinyamaza, husemwa ana kinyongo. Akisema, husemwa alitoa vitisho. Sasa mnyonge apitie mlango gani?

Mkuu akabaki amesimama, mikono nyuma, akaanza kusema maneno ya kuchapwa. Cherehani akafungua ukurasa mpya, kwa mazoea.

"Andika: Unatuhumiwa kufuta kwa makusudi nyaraka ya serikali, kwa chuki binafsi..."

Vidole vikakimbia, kisha vikasimama. "Mkuu, barua hii ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Ninayeandikiwa ni mimi?"

"Unaona mpiga chapa mwingine hapa?"

Hakukuwa na mwingine. Akaichapa. Mwanamke wa miaka hamsini na nane aliketi wima akajichapia tuhuma, neno kwa neno, "chuki binafsi", "utovu wa nidhamu", "ndani ya siku tatu ujieleze", na kwa kuwa barua mbovu ilimuuma hata ikiwa ya kumwangamiza, akasogeza tarehe mahali pake na kuweka aya ya pili mstari mpya. Alipofika mwisho akauliza, kama alivyouliza maelfu ya mara: "Nakala kwa nani?"

"Kwenye jalada lako."

Akaichapa hiyo nayo.

Saa sita watumishi wote waliitwa ukumbini, na Mkuu akaisoma barua hiyo kwa sauti, amesimama chini ya runinga. Baada ya hapo kompyuta ikafungwa kwa utepe wa karatasi na mhuri ukagongwa juu yake, isiguswe mpaka kamati ya nidhamu ije. Cherehani akaambiwa asiingie chumbani mwake. Saa za kazi asiende nyumbani pia, maana ni mtumishi. Akae kwenye benchi la wateja, koridoni.

Alikaa siku nne. Wateja walikuja na risiti zao, wakamwamkia, wakadhani naye amekuja kulalamikia mita.

"Wewe umeambiwaje, mama? Mimi wameniambia nirudi kesho."

"Mimi wameniambia nikae."

"Afadhali wewe, umepata pa kukaa."

Akacheka nao. Lakini vidole, wakati wote huo, vilikuwa vikigonga goti pole pole. Karani wa masjala alipita mbele yake mara ishirini kwa siku, akiangalia viatu vyake mwenyewe. Siku ya tatu akamletea kikombe cha chai, akakiweka kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi najua hukufuta."

"Unajua?"

"Najua."

"Basi kaseme."

Karani akaitazama korido huku na huku. "Si unajua kazi zilivyo, dada."

"Najua. Ya kwangu ndiyo inayokwenda. Chukua chai yako, isije ikaonekana umenifahamu."

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mwanamke aliyefanya kazi ya ukunga mpaka magoti yakakataa, ulimi ukabaki na nguvu zote. Jioni ya siku ya nne dada huyo alikuwa akichambua maharage, na Cherehani alikuwa ameketi mlangoni na karatasi nyeupe ambayo hakuwa ameiandika kitu.

"Umejieleza?"

"Nitajieleza nini? Nieleze vipi kitu ambacho sikukifanya? Ukifanya jambo, unaweza kueleza ulivyofanya. Usipofanya, unasema tu hukufanya, na hilo ni neno moja."

"Basi liandike hilo moja."

"Dada, Mkuu ameniita jana. Anasema nikikubali kwamba niliteleza, mkono uligusa mahali pasipo, kamati itanipa onyo tu na nitastaafu salama. Nikibisha, naweza kuondoka bila chochote."

Dada akatupa harage moja bovu nje ya mlango. "Mdogo wangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuona mtu akikubali mtoto asiye wake ili kupunguza kelele. Uliteleza?"

"Sikuteleza."

"Basi usiteleze sasa. Hiyo pensheni utailaje na jina la mwizi wa makaratasi? Ukipita sokoni waseme, yule ndiye aliyetaka kutunyima maji wote kwa sababu mtaa wake haukuandikwa. Hata hapa mtaani wengine wanakupongeza. Umesikia? Wanakupongeza! Jirani kaniambia, mwambie mdogo wako amefanya la maana."

Hilo ndilo lililomwingia. Kulaumiwa kwa uongo alikuwa ameanza kulizoea. Kusifiwa kwa uongo huohuo kulimfanya asimame. Akaiweka ile karatasi mezani, akaandika kwa mkono: *Sikufuta. Nilichapa nilichopewa.* Akatia saini.

Kamati ilikuja Jumatano, watu watatu kutoka makao makuu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sauti kavu. Wakaketi ukumbini. Mkuu akaeleza habari yote, na kwa kweli alieleza vizuri; habari ya uongo ikisimuliwa mara nyingi hupata ulaini. Ganda, utumbo, ndoo, chuki binafsi. Cherehani aliketi mwisho wa meza, mikono mbele yake.

Mwenyekiti akasoma ile karatasi ya maneno matatu. Akaigeuza nyuma, hakukuwa na kitu.

"Umeandika kidogo, mama."

"Sikuwa na kingine, mwenyekiti."

"Haya. Mimi sipendi kusimuliwa," mwenyekiti akasema. "Hilo faili tupu nataka kuliona. Fundi akafungue hiyo kompyuta. Na hii runinga je, ni pambo? Washeni tuone wote, tusibanane kwenye kile chumba."

Profesa akaenda upande wa pili, akasikika akichana utepe na kuwasha mashine. Mkuu akaenda ofisini kwake kuleta rimoti. Ukumbini ilisikika feni tu. Kisha sauti ya Profesa ikapenya kwenye tundu la waya, iliyojaa kujiamini:

"Tayari mashine imewaka! Sasa nabofya faili, wakubwa! Nabofya!"

Mkuu akaingia na rimoti, akaielekeza kwenye kioo, akabonyeza.

Runinga ikawaka pole pole, kwanza kijivu, kisha nyeupe. Na pale juu, kwa herufi kubwa kama za bango la barabarani, ikasimama orodha. Mitaa kumi na tisa. Mistari imenyooka, namba zimepangwa, tarehe mahali pake.

"Mnaona?" Profesa akapaza sauti kutoka ukutani. "Tupu kabisa! Hakuna kitu! Limetolewa utumbo!"

Mjumbe mmoja wa kamati akajifunika mdomo kwa jalada.

"Nabofya tena, mjiridhishe! Tupu!"

"Fundi," mwenyekiti akasema bila kupandisha sauti, "hebu njoo huku utazame utupu wako."

Profesa akaja, akasimama mlangoni, na funguo zake kwa mara ya kwanza hazikulia. Ikabidi aeleze, na alieleza kwa shida, maneno yakitoka moja moja kama meno: kwamba waya ulikuwa hai muda wote; kwamba kompyuta haijui runinga imezimwa, inaona tu kioo cha pili kipo; kwamba programu ya majedwali ilifunguliwa mara ya mwisho kule, basi kila jedwali lilipoitwa lilikwenda kufungukia kule.

Kumbe wakati Mkuu anasoma ile barua mbele ya watumishi wote, orodha ilikuwa juu ya kichwa chake, nyuma ya kioo cheusi, kamili, haijapungua nukta. Kubonyeza kitufe kimoja kungetosha. Rimoti ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa kiunoni mwa aliyekuwa akisoma.

Mwenyekiti akavaa miwani, akaisoma orodha kuanzia moja hadi kumi na tisa.

"Mama, mtaa wako ni upi hapa?"

"Haumo."

"Haumo? Uliichapa wewe mwenyewe, na mtaa wako haumo?"

"Ulikuwa wa tisa, ukakatwa kabla haujanifikia. Mimi nachapa nilichopewa."

Mwenyekiti akavua miwani. Alimtazama Cherehani kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mkuu kwa muda mfupi. "Ulikatwa kwa nini?"

Mkuu akakohoa. Lakini Cherehani akawahi: "Samahani, mwenyekiti. Hilo nitaliuliza mimi, kwa barua, kama mkazi. Kwanza nirudishiwe jina langu, ndipo nipate la kusainia."

Mkuu akaona upenyo. Akatabasamu, akapiga makofi mara moja kama mtu anayefunga mkutano. "Basi, tunashukuru, limepatikana! Mitambo hii, jamani! Mama, yaishe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele ni yangu, Mkuu," Cherehani akasema. "Wewe hukuumwa hata kichwa. Utaniambiaje nimepona?"

"Sasa unataka nini? Nimesema yaishe!"

"Ulinituhumu kwa barua, nataka unisafishe kwa barua. Ulisoma mbele ya watu wote, hapa. Nataka watu walewale, hapahapa."

Mkuu akamgeukia mwenyekiti kutafuta huruma, akakuta mwenyekiti anafungua dirisha. "Waiteni watumishi," alisema huku ameupa ukumbi mgongo. "Kuna joto."

Wakaja. Wakajipanga ukutani, karani wa masjala karibu na mlango. Mkuu akashusha pumzi. "Haya. Andika basi mama, mimi nitasaini."

"Siandiki."

"Kazi yako ni kuchapa!"

"Ya kunihukumu nilichapa kwa vidole vyangu, na sikukosea hata herufi. Hii chapa mwenyewe."

Ni Profesa, maskini, akitafuta pa kuanzia kutubu, aliyekwenda kukata shauri: akavuta kibodi na kipanya kutoka chumba cha pili, akapitisha nyaya zake chini ya mlango wa pembeni unaounganisha vyumba hivyo hadi kwenye meza ya ukumbi, akaweka ukurasa mweupe kwenye runinga. Kisha akarudi nyuma.

Mkuu akaketi. Alikuwa akichapa kwa kidole kimoja, cha shahada, kikielea juu ya herufi kama ndege asiyeona pa kutua. Kila alichobonyeza kilitokea kwenye inchi sitini na tano mbele ya watu thelathini. K. Akatafuta U. Ku. Akasugua paji la uso.

*Kutokana na hitilafu ya mtambo*

"Futa," Cherehani akasema. "Mtambo haukuniweka kwenye benchi."

Akashikilia kitufe cha kufuta, maneno yakarudi nyuma yakiliwa moja moja hadi ukurasa ukawa mweupe tena. Mtu mmoja ukutani akaguna. Mkuu akaanza upya.

*Mimi nilimtuhumu Bi Cherehani*

"Hilo ni la utani. Nina jina."

Kidole kikasimama hewani. Mkuu akatazama kibodi, akatazama kioo. Watumishi wakaanza kutazamana, maana waliona kilichokuwa kikimpata kabla hajakikubali: miaka mitatu alikuwa akimpa karatasi, na hakulijua jina lake. Hata ile barua ya tuhuma, jina alilijaza mwenyewe Cherehani.

Karani wa masjala akatoka ukutani. Alitembea hadi mezani, mbele ya wote, akainama karibu na sikio la Mkuu, lakini hakunong'ona. Alilitaja kwa sauti iliyofika madirishani, majina yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake. Mkuu akaliandika, herufi moja moja, akiuliza mara mbili.

Ikachukua karibu saa nzima. Mistari sita. *Nilimtuhumu bila kuchunguza. Nyaraka haikufutwa. Aliichapa kama alivyoagizwa, bila kuongeza wala kupunguza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akidhulumika. Barua yangu ya kwanza naifuta. Naomba radhi.* Neno "akidhulumika" Mkuu alilikwepa mara tatu, akaandika "ameguswa", akaandika "ana maslahi", na mara tatu mwenyekiti, aliyekuwa bado dirishani, akasema, "Mama anasubiri."

Printa ikaitoa kule chumba cha pili. Mkuu akasaini, akagonga mhuri. Cherehani akaichukua kwa mikono miwili, akaisoma kuanzia tarehe hadi saini bila haraka. Hakutabasamu. Akaikunja nakala moja kwa ajili ya dada yake, nyingine akampa karani aipeleke kwenye jalada.

Mkuu akasimama, shati limemganda mgongoni. Barua ilikuwa bado inang'aa juu ya ukuta, jina lake chini kabisa. Akaiokota rimoti, akainyoosha.

"Iache," mwenyekiti akasema. "Kuna watu bado wanasoma."